Kazi ya Kukaa Tu

Benchi la kona lilikuwa na nafasi, na hilo ndilo lililowatia watu wasiwasi. Kila jioni Fundi Saa akishafunga kibanda chake cha kutengeneza saa huwa wa kwanza kufika. Hukaa pembeni karibu na birika la kahawa, na akishakaa hata mvua haimng'oi. Siku hiyo alifika kama kawaida, ila alisimama. Alisimama miguu imeachana kama mtu anayevuka mtaro, kikombe mkononi, na kila akiambiwa kaa alijibu kwamba anapunga upepo. Mkewe alikuwa ameteguka kifundo cha mguu akishuka ngazi za nyumba yao, hapo ng'ambo ya barabara, na tangu hapo Fundi Saa ndiye aliyeendesha baiskeli ya mkewe ya mikate. Alfajiri anaichukua mikate kwa mwokaji, anaisambaza madukani na majumbani, kisha ndipo afungue kibanda. Mkewe ameifanya kazi hiyo miaka mingi. Naye Fundi Saa, hapo hapo kijiweni, mbele ya mashahidi, alizoea kuiita kazi ya kukaa tu.

— Kaa basi, bwana, unatuzibia njia, akasema Daktari. Huyu hajawahi kutibu hata kuku. Alikuwa mlinzi wa geti la hospitali, na husema magonjwa yote yalipita mbele yake.

— Nimekaa kutwa nzima, nimechoka kukaa.

— Kutwa nzima nimekuona ukitengeneza saa umesimama, akasema Tani.

Tani ni kinyozi, na jina alipewa kwa dhihaka, maana akijificha nyuma ya ufagio utauona ufagio peke yake. Yeye na Fundi Saa walikuwa hawasemezani vizuri tangu baridi ya mwaka juzi, lilipopotea sweta la kijani la Fundi Saa, ambalo dada yake alimfumia kwa mkono. Fundi Saa alishikilia kwamba alilisahau benchini, na Tani ndiye aliyebaki nyuma. Tani aliapa kwamba sweta lile angelivaa yeye, lingebaki la kumfunika na jirani.

— Haya, sikilizeni, akasema Fundi Saa mwishowe. Ni ile siti ya baiskeli. Inaniua.

Benchi lilitikisika kwa kicheko.

— Kwani si kazi ya kukaa tu? akauliza Mama Kahawa, mwenye birika.

— Mama, nimiminie kahawa, usinimiminie chumvi kwenye kidonda. Mnacheka, lakini kesho nikishindwa kutoka, atatoka yeye. Namjua. Mguu umevimba hivi, na leo ameshaanza kuuliza viatu vyake viko wapi. Nimemwapia mikate itafika kila mlango mpaka apone. Sasa nitamwambiaje?

Hapo wakaacha kucheka, kwa sababu kijiwe kikiona mtu ameshikwa kweli hakimwachi. Daktari akaagiza mgonjwa aletwe. Fundi Saa akaifungua siti kwa spana na kuiweka benchini katikati yao. Ngozi ilikuwa imekauka na kupasuka, na chuma kinachungulia. Tani akaikalia kuijaribu.

— Mbona mimi sisikii kitu?

— Wewe una nini cha kusikilia? akasema Mama Kahawa.

— Tulieni, akasema Daktari. Makalio yana mifupa miwili, wa kulia na wa kushoto. Kosa lako unaikalia yote kwa pamoja, haipati kupumzika. Kesho kalia wa kulia, keshokutwa wa kushoto. Zamu, kama walinzi wa geti. Haba na haba hujaza kibaba.

— Nikikalia upande mmoja si nitaanguka?

— Utaanguka upande mmoja tu. Wa pili unabaki mzima.

— Hapana, ni mafuta, akasema Tani. Mimi simnyoi mtu ndevu kavu. Ipake siti mafuta, uteleze.

— Niteleze niende wapi?

— Mbele. Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

— Hiyo inahusu nini?

— Inahusu kuinama. Ukiinama mbele, nyuma kunainuka kwenyewe.

— Ndiyo hayo, akaongeza Mama Kahawa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Mwenye guu ni mke wangu! Na huyo mkuu ni nani?

— Sijui, mwanangu, lakini hukumsikia.

Daktari alikuwa amefumba jicho moja. Ghafla akalifumbua.

— Hebu ngoja. Nyuma ya baiskeli unabeba nini?

— Mikate.

— Laini?

— Naichukua ikitoka motoni.

— Na wewe umekalia chuma! Jamani, mtu amebeba magodoro na bado analala sakafuni!

— Nikalie mikate ya watu?

— Si yote. Mmoja. Huo unampelekea yule mteja asiyejibu salamu.

— Mnazunguka bure, akasema Tani. Kinachouma ni siti, si ndiyo? Basi iondoe kabisa. Mwenye chawa hahangaiki na dawa, ananyoa.

— Na lile bomba la siti litakalobaki limesimama?

Wote wakageuka kulitazama lile bomba, kwenye baiskeli iliyoegemezwa ukutani. Tani akaifuta hoja yake.

Hapo ndipo alipokuja mama mmoja mgeni, fundi rangi, mikono imetapakaa chokaa mpaka viwikoni. Alikuwa akipaka ukuta wa duka la jirani, akaomba kikombe.

— Karibu sana, akasema Mama Kahawa. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Mwenyeji anaumwa nini?

Wakamweleza, wote kwa pamoja: mguu wa mke, mikate, mifupa miwili, mafuta, na msimamo wa Daktari juu ya mkate mmoja. Yule mama akainua ile siti, akaigeuza juu chini.

— Na mkeo, akauliza, yeye alikuwa anakalia nini?

Daktari akainama kuichungulia siti upya. Tani akamgeukia Fundi Saa.

— Si hii hii? akasema Fundi Saa, taratibu.

— Hii, chuma nje hivi? Miaka yote hiyo? Umemuuliza?

Hakuwa amemuuliza. Miaka yote alimwona mkewe akitoka alfajiri na kurudi jua limepanda, na hata siku moja haikumjia kuuliza. Aibu ilimpanda Fundi Saa mpaka masikioni.

— Kwa nini hujamuuliza? akafoka Daktari, utadhani wazo ni lake tangu mwanzo.

Wakavuka barabara wote, hata Mama Kahawa na birika lake, Fundi Saa mbele na siti mkononi, akitembea kama bata. Mkewe alikuwa ameketi mlangoni, mguu ameuinua juu ya kigoda, na chini ya kisigino kuna furushi la kitambaa cha maua. Alipoona ule mwendo akajiziba mdomo, kicheko kikamponyoka hivyo hivyo.

— Shemeji, pole na mguu, akasema Daktari. Tumekuja kwa uchunguzi.

— Mke wangu, akasema Fundi Saa, hivi wewe ulikuwa unakalia nini?

Kicheko kikakatika. Akavuta upindo wa gauni polepole, akalifunika lile furushi. Lakini Tani ameshainama.

— Fundi, akasema Tani, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Mtaka cha uvunguni, njoo uiname hapa.

Kwenye pembe ya furushi kitambaa kilikuwa kimetoboka, na tunduni zinachungulia nyuzi za sufu. Za kijani.

— Sweta langu!

— Sweta lako! akapiga kelele Tani, akaanza kucheza pale nje, mikono juu. Mashahidi mpo? Mnaliona? Mimi mwizi, eh? Mimi!

— Ulilitupia juu ya baiskeli mwenyewe, akasema mkewe. Nikalikalia safari moja tu, nikasema jioni nitalirudisha. Jioni nakuta umeshamtia hatiani Tani, nikaogopa. Nikalishonea kitambaa. Ulipochukua baiskeli nikalifungua kwanza kwenye siti, usije ukaliona. Nilikuwa nakuonea huruma kila ukirudi, haki ya Mungu. Halafu nacheka.

— Kwa hiyo wewe na hili sweta hukuwa ukiumia.

— Naumia. Si kama wewe, lakini naumia, kila siku.

— Mbona hukuwahi kusema?

— Si ulisema ni kazi ya kukaa tu.

Fundi Saa akaiweka siti chini. Alitaka kukaa pale mlangoni kando yake, akakumbuka hawezi, akapiga magoti.

— Nisamehe, mke wangu. Nimesema neno la kipumbavu, na nimelisema mbele ya watu. Basi nalifuta mbele ya watu.

— Inuka bwana, watadhani unaniposa upya, akasema yeye, lakini mkono aliuacha begani mwa mumewe.

— Asiinuke! akasema Tani. Akimaliza hapo ageukie huku. Magoti hayo hayo.

Fundi Saa akageuka.

— Na wewe nisamehe, ndugu yangu.

— Sauti!

— Nisamehe, Tani!

Mama Kahawa akamimina kwa furaha, na birika likakauka kabla fundi rangi hajapata kikombe chake cha pili, yeye aliyekistahili kuliko wote.

Asubuhi ya pili mkewe aliegemea dirishani, mguu juu ya mto, viatu havijaguswa. Kengele ya baiskeli ikalia, na Fundi Saa akatokea na mikate yake, furushi la maua limefungwa imara chini yake. Tani alikuwa akifagia mlango wa duka lake la kunyolea.

— Fundi! Kazi inasemaje?

— Kazi ya kukaa tu! akajibu Fundi Saa, akayapita matuta ya barabarani amesimama juu ya pedeli.