Sarafu ya Uchumba

Basi lilipokwama kwenye foleni, bibi mmoja alifungua leso, akamwonyesha sonara aliyekaa ubavuni mwake sarafu inayometa. “Mzee wangu alinichumbia nayo. Alisema ni ya wakusanyaji wa sarafu, haiingii sokoni.”

Sonara, ambaye ulimi wake haukujua kungoja, akaigeuza mwangani. “Ya wakusanyaji, bibi, uso wake ni kioo, na picha yake ina weupe kama ukungu. Hii inang'aa kote sawasawa, mpaka masharubu ya simba huyu aliyechorwa. Ni ya kawaida, ila haijachakazwa na mikono.”

“Nani angeishika? Imelala humu tangu usichana wangu.” Bibi akaipokea sarafu, akaikazia macho. Sonara akajuta, amevunja ndoa ya watu kabla ya kituo. Mara bibi akaangua kicheko. “Kumbe yule mzee alinioa kwa nauli.”

Basi likafika. Kondakta akanyoosha mkono. Bibi akampa noti, sarafu akaifunga lesoni kwa mafundo mawili.