Bi Klövekorn na Sentensi Iliyopitwa na Wakati

Baada ya miaka arobaini na mmoja ya utumishi, Bi Roswitha Klövekorn wa masijala ya wizara yetu ya mambo ya nje anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Keki ya cheri iliyo mezani ameioka mwenyewe, maana kwetu hata anayeaga lazima apewe kazi ya mwisho.

Alianza Bonn mwaka 1984. Mwaka 1990 alikabidhiwa majalada ya Ujerumani Mashariki, iliyokuwa imeungana na yetu: nchi nzima akaifunga kwa kamba, akaandika "Imefungwa," kisha akaenda kula. Wizara ilipohamia Berlin, kreti moja la majalada lilipotea njiani. Alimpigia dereva simu siku tisa mfululizo mpaka likapatikana, na nasikia yule dereva alibadilisha kazi.

Kwetu kila cheo kina rangi yake ya penseli. Kijani ni ya waziri peke yake, nyekundu ya katibu mkuu, bluu ya mkurugenzi. Karani wa masijala hana rangi. Anapokea faili na kulipeleka meza inayofuata, bila kutoa maoni na bila kuruka meza.

Ndipo ikaja Februari 2022, vita vikazuka mashariki mwa Ulaya. Jumapili, bungeni, sera ya miaka mingi iligeuzwa kabla chai haijapoa: sasa tungepeleka silaha. Jumatatu saa mbili asubuhi, barua ya kuzieleza balozi zetu ilifika masijala ikiwa na rangi zote isipokuwa kijani, kwa kuwa waziri alikwisha kuiridhia kwa simu. Ilitakiwa kutoka saa tatu. Katika aya ya tatu ilikaa sentensi ya zamani, kwamba Ujerumani haipeleki silaha kwenye nchi iliyo vitani. Watu sita walikuwa wametia saini. Kila mmoja alitazama rangi ya aliyemtangulia, akaridhika.

Bi Klövekorn aliisoma. Akampelekea mkurugenzi, Dakta Stolzenau, aliyekuwa kwenye simu na akamfukuza kwa mkono. Kuirudisha meza zote sita kungechukua siku mbili. Basi akapanda ngazi hadi kwa waziri, na kwa kuruka meza namna hiyo watu wameshapoteza kazi. Alishuka na mstari mmoja wa kijani ukiikata sentensi ile.

Dakta Stolzenau alimngoja mlangoni.

"Bi Klövekorn, umeniruka hivihivi? Kwani mimi hapa ni pambo?"

"Nilikuja kwako, Dakta. Ulinipungia mkono kama nzi."

"Unajua naweza kukuondoa kazini?"

"Najua. Fomu yake iko kwangu, kabati la pili. Nikuletee?"

Wiki mbili tulitembea kwa kunyata. Mwishowe alipewa barua ya onyo. Aliipokea, akaigonga muhuri, akaiweka kwa mkono wake kwenye faili lake mwenyewe, mahali pake hasa.

Msidhani alifurahia kuiona sentensi ile ikifutwa. Baba yake alirudi kutoka vitani na mguu mmoja, na binti akakua akiamini nchi yetu haitajihusisha tena na silaha za watu. Mimi nilimuuliza siku moja, tukila supu ya dengu. Alisema, "Niliipenda, mwanangu. Ila si kweli tena, na balozi hawezi kutumwa kusema uongo eti kwa sababu Roswitha anaupenda." Kisha akaomba chumvi.

Sasa jambo ambalo wengi hapa hamlijui. Sentensi ile ilinakiliwa na mimi kutoka barua ya zamani, kwa uvivu. Nilikuwa na miezi mitatu kazini, bado kwenye majaribio, na ningeondoshwa siku hiyohiyo. Herufi za kwanza za jina langu zilikuwa kwenye kona ya ukurasa, na Bi Klövekorn hasomi nusu ukurasa. Dakta Stolzenau alimuuliza mara mbili nani aliyeandika rasimu. Mara zote mbili alijibu kwamba shauri lililo mezani ni la ngazi alizopanda yeye. Hakuwahi kunitajia, wala mimi sikuthubutu. Nimeona haya miaka mitatu.

Bi Roswitha, asante. Bustani yako ikupe cheri za kutosha, magoti yasikusumbue, na asubuhi zote ziwe zako. Barua yako ya onyo nimeiombea iondolewe kwenye faili, na sababu nimeiandika bila kuficha, kwa jina langu kamili.

Wiebke Tjaden
Dawati la Rasimu