Marehemu Květoslav Havránek na Komeo la Farasi Weusi

Mzee Květoslav Havránek, baba yangu, alizaliwa Jumanne tarehe 3 Machi 1953 hapa hapa Vrbinka, kando ya mto Labe, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Alois na Bi Hedvika. Baba yake alikuwa akipigilia farasi vyuma kwatoni, mama yake alikuwa kibarua wa mashamba ya viazisukari. Dada yake, shangazi yangu Vlasta, anasimulia kwamba alipiga hatua zake za kwanza akiwa ameshika mkia wa farasi jike, na mama yao akazimia. Marehemu alikuwa akibisha habari ya kuzimia. Ya mkia hakuibisha.

Alisoma shule ya msingi ya kijijini kuanzia mwaka 1959 hadi 1968, kisha akajiunga na chuo cha ufundi wa kutunza farasi, akahitimu Juni 1971. Hesabu zilimpiga chenga. Mwalimu wake mmoja aliandika kwenye ripoti: "Husikiliza farasi tu." Bibi Hedvika aliitundika ripoti hiyo jikoni.

Tarehe 1 Septemba 1971 aliajiriwa zizi la Vrbinka, upande wa farasi weusi wa aina ya Kladruby, farasi wa kuvuta magari ya fahari. Wazee wetu wanakumbuka: weupe walivuta magari ya wafalme, weusi walivuta ya maaskofu, na wafalme walipoondoka weusi wakaonekana mzigo, wakauzwa, wengi wakaishia kwa wachinjaji. Waliobaki walikusanywa mmoja mmoja, na ilichukua miaka mingi kuirudisha damu yao. Baba alikabidhiwa kulinda wachache hao. Aliwasugua kwa msokoto wa majani makavu, akawapikia pumba na mbegu za kitani wakiumwa tumbo, na hakukubali mnyama afungwe gari kabla ya kutimiza miaka minne, hata mkubwa wa kazi afoke vipi. Mfukoni hakukosa mkate mkavu. Siku ileile aliajiriwa pia Vendelín Srnec, na wawili hao wakawa chanda na pete. Srnec alikuwa na mazoea yake: akitia komeo la geti, hulipiga ngumi mara mbili ndipo aondoke.

Jumamosi tarehe 11 Oktoba 1980 Baba alifunga ndoa na Mama yangu, Blažena, ambaye alitutangulia mwaka 2016. Walikutana kwenye dansi la kijiji, Juni mwaka huohuo. Mama alikuwa akisema Baba alifika amechelewa, anahema, na majani yamemganda nywelani.

Mwaka 1990 alifanywa msimamizi wa weusi wote. Alipewa nishani mbili. Alistaafu mwaka 2015.

Wasifu ungeweza kuishia hapo, tukaenda kula. Baba alikataa. Hayo yanayofuata aliniambia mwenyewe mwezi Septemba, akiwa kitandani hospitalini, akasema, "Andika, uyachapishe. Ya mdomoni watu husahau."

Jioni ya dansi lile, Baba na Srnec walikuwa zamu, na kufunga geti kati ya uwanja wa weupe na wa weusi kulikuwa juu ya Baba. Alikuwa anawahi kwa Blažena. Akalisukuma tu, asitie komeo. Alfajiri alikuta dume jeupe limesimama kati ya majike meusi, limetulia kama mwenye nyumba. Akalirudisha, akafunga, akanyamaza. Jike mmoja alikuwa amepandwa na dume jeusi wiki ileile, hivyo alipozaa tarehe 9 Mei 1981 hakuna aliyeshuku. Mtoto alikuwa dume, mweusi tii, na wakubwa wakaanza kusema huyu ndiye atakayerithi ukoo.

Lakini weupe wa Kladruby nao huzaliwa weusi, kisha hugeuka weupe wakikua. Nani hapa hajui? Baba aliwahi kunifundisha, "Mtazame penye kope. Mwili unaweza kukuficha miaka kumi, kope haziwezi." Agosti ile, kwenye kope za mtoto yule, aliona unywele mweupe. Akaung'oa. Kesho yake akaona tatu. Akawa anang'oa kila asubuhi, na alipozidiwa akaiba wanja wa Mama, akawa anazipaka.

Mama naye hakuwa mtu wa kuibiwa wanja.

"Nani huyo unayempelekea wanja wangu, Květo?"

"Sivyo unavyofikiria, Blaženka."

"Ni mzuri kuliko mimi?"

"Ana miezi mitatu. Ana miguu minne."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Kisha Baba akamweleza yote, na kicheko kikamkauka. Akamwambia aende kwa wakubwa kesho yake. Hakwenda.

Oktoba daktari wa mifugo alimpangusa mtoto yule usoni, kitambaa kikatoka cheusi. Ukaitwa mkutano. Baba aliulizwa habari ya geti, akajibu, "Mimi komeo nilitia." Aliyebaki kulaumiwa ni Srnec, aliyekuwa zamu pamoja naye. Srnec hakujitetea hata kwa neno moja. Alifukuzwa, akaenda kubeba magunia kiwanda cha sukari miaka tisa, na kijiji kizima, sisi tuliokusanyika hapa, tukamwita mchafua damu. Watoto tulikuwa tukimwimbia njiani. Mimi nilikuwa mmojawao, na Baba alinisikia akiwa dirishani, akafunga dirisha. Mtoto wa farasi alihasiwa, akapelekwa msituni kuvuta magogo.

Tangu hapo Baba hakuweza kulala bila kurudi mara tatu kukagua makomeo, ya zizini, ya banda la kuku, hata ya choo. Tulimtania tukimwita Bwana Komeo. Tungejua!

Nilimkasirikia. Nasema mbele yake, na hasira hiyo ningali nayo. Nishani zile mbili zimekaa juu ya mgongo wa mtu mwingine.

Nilikwenda kwa Mzee Srnec. Nilimkuta akikwangua kwato za mmoja wa farasi weusi wawili aliowanunua uzeeni, ambao huvuta magari ya harusi na ya maziko.

"Amekufa?" aliniuliza, hata kichwa hakuinua.

"Bado. Anasema geti aliliacha yeye."

"Hilo nililijua siku ya mkutano, binti. Ningelifunga mimi, ningelipiga ngumi."

"Sasa mbona ulinyamaza, Mzee?"

Akaweka mguu wa farasi chini taratibu. "Mmoja wetu ilibidi aondoke. Mwenzangu alikuwa na mke mwenye mimba. Mimi nilikuwa na baiskeli."

Mimba hiyo ndiyo mimi. Nilizaliwa Aprili 1982.

Nikamwomba aje hospitali. "Siendi," alisema. "Nilimngoja miaka arobaini na miwili, na nyumba yake iko hapo ng'ambo ya kanisa. Mwambie siku ya kumzika nitaleta farasi." Nilipompa Baba ujumbe huo alijigeuza ukutani, akalia kwa sauti. Sikujua nimshike au nimwache. Nikamshika.

Baba aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho mwezi Februari mwaka huu. Alipungua haraka, akawa hali ila supu ya kitunguu saumu vijiko viwili. Alifariki Alhamisi tarehe 9 Novemba 2023, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini.

Ameacha mtoto mmoja, mimi Radka. Mjukuu mmoja, Apolena. Dada mmoja, Vlasta. Na rafiki mmoja, Vendelín Srnec, ambaye hakuchafua damu ya farasi yeyote. Rafiki huyo ndiye aliyemleta hapa makaburini kwa farasi wake. Ameniambia atakaa juu ya gari pale getini, hatamu mkononi, na hatashuka mpaka nimalize kusoma.

Mzee Srnec, nimemaliza.

Nawe Baba, lala sasa, usiinuke kukagua. Tukitoka, geti hili nitalitia komeo mimi, na nitamwomba yeye alipige ngumi mara mbili.