Mchele Ndani ya Buti

PELAGIA: Haloo? Nani mwenzangu?

JAWAHER: Haloo! Pelagia? Mie hapa, Jawaher. Wa Maskati.

PELAGIA: Jawaher… [Mkwaruzo.] Mtandao huu jamani… Jawaher gani?

JAWAHER: Wa mguu. Yule mliyemtoa kwenye ukumbi wa theluji, huko Dubai, mwezi uliopita. Uliniandikia nambari yako nyuma ya tiketi.

PELAGIA: Nakukumbuka, dada. Sijakusahau hata siku moja. Habari za huko Oman?

JAWAHER: Njema, alhamdulillahi. Na wewe? Kazi?

PELAGIA: Tunasukuma. Niko mapumziko, nimejibanza stoo ya mabuti. Nilijua hutapiga.

JAWAHER: Kwa nini nisipige? Nshapata mabuti yangu mwenyewe! Kuna mama mmoja wa Kiingereza ofisini kwetu, Ruwi, anarudi kwao. Nimeyanunua kwake. Namba thalathini na nane, ya kutelezea kwa ubao juu ya theluji hasa, si yale magumu ya—

PELAGIA: Kiatu cha ndani kinatoka?

JAWAHER: Kinatoka. Sponji tupu. Ubavuni pana alama ya moto, ndogo.

PELAGIA: [Anacheka.] Basi umepata. Hiyo sponji ni ya kupashwa moto. Ukiipasha inalainika, ukivaa ikiwa na joto inafuata mguu wako, ikipoa inashika umbo hilo hilo. Haisahau.

JAWAHER: Ndo nilivyosoma kwenye intaneti. Kwa hivyo nimewasha oveni—

PELAGIA: Oveni gani?

JAWAHER: Ya jikoni, ya gesi. Kimoja nshakitia hapa kwenye—

PELAGIA: Kitoe!

JAWAHER: Lakini—

PELAGIA: Kitoe dada, kitoe sasa hivi! Hiyo gesi huijui imefika moto gani. Itakaanga sponji kama karanga. Umetoa?

JAWAHER: [Mlio wa sinia.] Nimetoa, nimetoa. Hakijapata kitu. Kina vuguvugu tu.

PELAGIA: Uwii. Umenitoa jasho, na huku stoo baridi. Sisi hapa tuna mashine inayopuliza hewa ya moto. Wewe huna mashine. Una mchele?

JAWAHER: Mchele? Pela, hii nyumba ya Waunguja. Gunia zima lipo nyuma ya mlango.

PELAGIA: Chukua soksi mbili ndefu, safi, za pamba. Si nailoni, itayeyuka. Jaza mchele mkavu, funga fundo. Maikrowevu mnayo?

JAWAHER: Ipo.

PELAGIA: Dakika mbili, kisha uguse. Uwe wa moto sana ila usinuke kuungua. Utumbukize kwenye kiatu cha ndani mpaka vidoleni, kikiwa ndani ya buti lake. Uache dakika kumi. Lini unataka kuja?

JAWAHER: Kesho.

PELAGIA: Kesho!

JAWAHER: Kesho Alkhamisi, basi la saa kumi na mbili asubuhi. Mudir wenu, bosi wa ukumbi, si alisema nisirudi mpaka nina mabuti yanayonikaa, na mtu wa mabuti aweke sahihi kwenye karatasi? Basi, nnakuja.

PELAGIA: Dada… yule alisema vile akijua hutayapata.

JAWAHER: Najua. Hata mie niliona machoni mwake. "Hapa si hospitali." Mbele ya foleni nzima, Pela! Buti lenu la kukodi limenibana mpaka mguu umekufa ganzi, siuhisi ubao, nimekwenda kuparamia ukuta. Watu kumi walianguka siku ile. Aliyetolewa mmoja.

PELAGIA: Pasha mchele, dada.

[Simu inakatika. Robo saa baadaye Jawaher anapiga tena.]

PELAGIA: Haloo, ilikatika. Umefikia wapi?

JAWAHER: Mchele umo ndani, dakika ya tisa hii. Buti linanuka pilau. Sasa?

PELAGIA: Kata ncha ya soksi nyingine, ivike vidole kama kofia, ili ubaki na nafasi mbele. Halafu pale mfupa ulipojitokeza, bandika kipande cha sponji, hata ya kuoshea vyombo. Juu yake soksi nyembamba. Sponji itasukuma, patabaki shimo, mfupa utakaa ndani kama—

JAWAHER: Ngoja! Ngoja, mama anaingia.

PELAGIA: Niache?

JAWAHER: Usikate. … Mama, si kitu, nnazungumza na mwenzangu. … Mchele kidogo tu. … Hauliki tena, ndiyo. … Mama, simu yangu—

MAHFOUDHA: Haloo! Nani huyu anomfundisha mwanangu kupika viatu?

PELAGIA: Shikamoo mama. Naitwa Pelagia. Nafanya kazi huku Dubai, kwenye ukumbi wa theluji. Mimi ndiye ninayevalisha watu mabuti.

MAHFOUDHA: Marahaba. Mtu wa wapi wewe?

PELAGIA: Bukoba, mama.

MAHFOUDHA: Bukoba pana theluji?

PELAGIA: Hapana mama. Hata mimi nimeiona huku huku, ndani ya nyumba.

MAHFOUDHA: Basi nisikilize, mwanangu. Mie mama yake, Mahfoudha. Huyu kazaliwa na mguu umegeukia ndani. Kapasuliwa mara nne kabla hajatimia miaka saba. Nimembeba mgongoni, hospitali hii, hospitali ile, mpaka mgongo wangu ukasema basi. Nilipomuona anatembea sikutaka tena kitu kingine. Leo ananambia anakwenda kuteleza juu ya barafu. Kwa raha gani?

PELAGIA: Sijui, mama. Muulize mwenyewe.

MAHFOUDHA: Nakuuliza wewe uliyemuona. Anaanguka?

PELAGIA: Anaanguka sana.

MAHFOUDHA: Ee!

PELAGIA: Tena vibaya. Lakini nilimtazama siku nzima. Wenzake wakianguka wanangoja kuvutwa mkono. Yeye mwalimu akimpa mkono anausukuma, anainuka mwenyewe. Akifika chini anapanda tena. Nami nilimwona akishuka mara moja bila kuanguka, mama, kutoka juu mpaka chini. Alipiga kelele mpaka watu wa mgahawani wakasimama kutazama.

MAHFOUDHA: Hakunambia hilo.

JAWAHER: [kwa mbali] Mama, mchele unapoa! Nipe simu!

MAHFOUDHA: Kaa kitako. Kaa, nimekwambia. Leta huo mguu. … Nini hii umebandika? Sponji? Wee, ndipo hapo? Siyo hapo!

JAWAHER: [kwa mbali] Ndipo mfupa ulipo!

MAHFOUDHA: Mfupa ndiyo upo hapo, maumivu hayapo hapo. Yako chini, nyuma kidogo, kwenye mshono wa mwisho. Ni nani aliyekuwa akikukanda usiku ukilia, wewe au mie? … Haloo, bibi wa mabuti? Sponji iwekwe panapouma au penye nundu?

PELAGIA: [Anacheka.] Panapouma, mama. Sisi wenye mashine hatuwezi kujua hilo.

MAHFOUDHA: Basi nimeiweka. Endelea, anakusikiliza, nimekuweka spika.

PELAGIA: Toeni mchele haraka. Vaa soksi nyembamba. Ingiza mguu, gonga kisigino chini mara tatu kirudi nyuma kabisa. Mama, mfungie kamba, zikaze za kati, za juu wastani.

MAHFOUDHA: Nimefunga vidonda vya mguu huu, nitashindwa na kamba?

JAWAHER: Hhh! Mama, pole pole—

PELAGIA: Inabana?

JAWAHER: Inabana kila mahali sawasawa. Ya moto. Haichomi.

PELAGIA: Ndivyo. Simama. Weka ncha za vidole juu ya kitabu, magoti yakunje kidogo. Usitikisike dakika kumi. Ukitikisika sponji itashika umbo la kutikisika.

JAWAHER: Nimesimama.

[Mkwaruzo mrefu.]

JAWAHER: Pela? Mama katoka kuitikia hodi mlangoni. Nikuulize kitu. Kwa nini uliniandikia nambari?

PELAGIA: Mm.

JAWAHER: Siku ile hukusema hata neno.

PELAGIA: Ndiyo maana. Mudir aliniuliza mbele yako: "Wewe fundi, buti linaweza kumkaa huyu?" Mimi nilijua linaweza. Lilitaka dakika ishirini tu za mashine. Nikatazama chini. Visa yangu iko mkononi mwake, dada, na mama yangu Bukoba hana mwingine.

JAWAHER: Mie sikukulaumu wewe.

PELAGIA: Mimi nilijilaumu. Hata ningelia usingeniona, nilikuwa nimeinamia mabuti… Umetikisika?

JAWAHER: Hata. Na sahihi kesho ataweka nani?

PELAGIA: Karatasi inasema mtu wa mabuti. Mtu wa mabuti ni— [Mlango unagongwa.] Ngoja.

JAWAHER: Nini?

PELAGIA: [kando] Ndiyo, mudir. … Mapumziko yangu, bado dakika tano. … Naongea na mteja. … Wa Maskati. Ndiyo, yule.

JAWAHER: Pela, kata! Kata simu, mwambie nambari imekosewa!

PELAGIA: Sikati. Bado dakika ngapi?

JAWAHER: Tatu. Amesemaje?

PELAGIA: Hajasema. Amesimama mlangoni ananitazama. Na atazame, macho hayana kodi.

JAWAHER: Atakufukuza kwa ajili yangu.

PELAGIA: Si kwa ajili yako. Usinibebeshe sifa. Mguu unahisije?

JAWAHER: Umetulia. Subhanallah, Pela… panapouma pako kimya. Sijawahi kuvaa kiatu nikasahau ni mguu upi.

PELAGIA: Maliza dakika zako, halafu uvue tutazame ngozi.

MAHFOUDHA: [kwa mbali] Alikuwa shangazi yako Nunu mlangoni, ananiuliza mbona nyumba inanuka ubani wa mchele. Nimemwambia mwanangu anakwenda Dubai kwa ajili ya theluji. Kaguna! Nimemwambia aende akagunie kwake, mtaa wa Khuwair ni mkubwa.

JAWAHER: Mama!

MAHFOUDHA: Nini? Vua hilo buti nione.

[Kamba zinafunguliwa.]

JAWAHER: Haya. Nimevua.

PELAGIA: Pana wekundu?

MAHFOUDHA: Hapana. Ngozi safi. Ngozi safi kabisa. Bibi, hawa madaktari wote wangekuwa na akili ya mchele…

JAWAHER: Mama usilie. Pela, mama analia.

MAHFOUDHA: Silii! Lete la pili tulimalize, basi halingoji mtu. Tena tiketi ukate mbili.

JAWAHER: Mbili?

MAHFOUDHA: Wewe utashuka, mie nitakaa mgahawani. Wakisimama kutazama, nami nisimame.

[Mlio wa salio.]

JAWAHER: Pela, salio linakwisha! La pili nifanye vile vile?

PELAGIA: Vile vile, ila sponji usibandike kama hapaumi! Kesho ukifika usipange foleni, njoo moja kwa moja kwenye kaunta ya—

JAWAHER: Haloo? Kaunta ya nini? Pela, na yule mudir je, bado ame—

[Salio limekwisha.]

PELAGIA: Haloo? Jawaher? Haloo? Imekatika. … Ndiyo, mudir, nimemaliza. Funga mlango, kuna baridi. Na ukae. Leo nitaanza kusema mimi.