Mzee Rudia na Lidude la Mnarani

Marehemu, ambaye kazini alijulikana kama Mzee Rudia, alizaliwa tarehe 7 Machi 1957, mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi cherehani. Ndivyo kinavyosema cheti. Yeye mwenyewe hakukiamini hata siku moja.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1971 na sekondari mwaka 1975. Walimu walimvumilia kwa shingo upande, maana kila hesabu ya ubaoni aliikokotoa upya ndipo ainakili.

Mwaka 1979 aliajiriwa kuwa mwongoza ndege. Rubani akipewa agizo kwa redio kutoka mnarani lazima alirudie neno kwa neno, na marehemu aliihamishia desturi hiyo nyumbani. Alipomposa mama watoto mwaka 1986, naye akakubali, alimwambia, "Rudia."

"Narudia: ndiyo. Ukiniuliza tena nabadilisha."

Walifunga ndoa tarehe 13 Desemba.

Mwaka 2014 uliletwa mtambo wa kompyuta wa kupanga ndege, ili zitue nyingi zaidi bila kukaribiana angani. Binti yake wa mwisho, mhandisi, alikuwa miongoni mwa walioufunga. Mzee akautilia shaka tangu ukiwa kwenye maboksi.

"Rubani akichanganyikiwa sauti inatetemeka, nasikia. Hili lidude lako likichanganyikiwa, nitajuaje?"

"Litapiga kengele, baba."

"Na kengele yenyewe ikichanganyikiwa?"

Binti alichukua bisibisi akarudi kufunga mtambo. Mwaka mzima wakabaki na salamu tu, na iliwauma wote wawili.

Asubuhi moja ya mawingu mazito, kengele ililia. Ndege mbili zilikuwa zinakaribiana na marehemu hakuwa ameziona. Alizitenganisha, kisha akampigia binti simu.

"Lidude lako limeona. Mimi sikuona."

"Rudia, baba."

Akarudia. Halafu akaongeza, "Usifurahi sana. Bado nalishuku. Sasa najishuku na mimi."

Alistaafu mwaka 2017. Moyo ulianza kumsumbua Januari mwaka huu. Hospitalini, skrini ilimwonyesha mapigo yake, lakini bado aliwataka wauguzi wamshike mkono wahesabu wenyewe. Tarehe 4 Juni binti alirudi safari kwa ndege, akaja hospitalini moja kwa moja.

"Nani kaiongoza ndege yenu kutua?" mzee aliuliza.

"Lidude, baba. Na pembeni yake kakaa mtu analishuku."

"Hapo sawa," alisema, akafumba macho. Alifariki jioni hiyo.

Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu watano. Apumzike kwa amani. Na kwa kuwa hataamini kwa kusikia mara moja, tunarudia: apumzike kwa amani.