Kifuniko Kinachofunguka kwa Ndani: Maisha ya Papa Matthias Kabange Kitwa, 1955–2025

Ndugu wa Base, majirani wa mjini, wakwe zetu wa Kaniama, na ninyi mliotoka Kabondo-Dianda kwa pikipiki juu ya barabara ile ambayo hata kuiita hivyo ni kuzitukana njia nyingine: poleni kwa safari, na asanteni. Familia imempa binti wa kwanza wa marehemu, Talitha, kazi ya kusoma maneno haya. Amesihiwa asome taratibu na asiruke kitu. Basi hataruka, hata yale ambayo kwa ukoo huu hayakuwahi kusemwa mbele za watu.

Papa Matthias Kabange Kitwa alizaliwa tarehe 14 Septemba 1955 katika kijiji kilichokuwa nyuma ya kiwanja cha ndege cha Base ya Kamina, ile kambi ya jeshi. Baba yake, Kitwa, alikuwa mkata majani wa kiwanja hicho. Mama yake, Mwila, alilima mihogo na mahindi. Hakuja duniani peke yake. Kyungu alitangulia, yeye akafuata, ndiyo maana akaitwa Kabange, kama mapasa wa kwetu wanavyoitwa. Katika ukoo wa Kitwa watoto pacha walikuwa furaha yenye masharti. Ukimpa mmoja kitu, mwenzake apate vilevile: sahani mbili, kaptula mbili, na siku ya makosa hata makofi yaligawanywa mawili, mwenye kosa na asiye na kosa. Sharti kubwa lilikuwa hili: pacha halii kwa ajili ya pacha mwenzake, na hata akifa haliliwi, maana kumlilia ni kukionyesha kifo njia ya nyumba. Hivyo ndivyo wazee walivyowaambia, na hakuna aliyebisha.

Mapasa hao walianza shule ya msingi ya misheni mwaka 1962, wakakaa benchi moja. Wakitoka darasani walikuwa na kiti kingine. Pembeni ya hangari za Base, majanini, ilikuwa imeachwa ndege ya vita ya kiti kimoja, ya enzi za ile vita kubwa ya Wazungu. Ililetwa kwa mafunzo, ikachoka, ikasahaulika. Watoto wa kijiji walikatazwa kuigusa, kwa hiyo waliigusa kila siku.

Jumamosi ya tarehe 19 Oktoba 1963 ilikuwa zamu ya Kyungu kuwa rubani. Kabange alikuwa chini ya bawa. Yeye ndiye injini, kazi yake ni kunguruma. Kyungu akavuta kifuniko cha kioo juu ya kichwa chake, kikateleza, kikajifunga, na kutu ikakishika. Wakavuta, mmoja ndani na mmoja nje. Kwanza walicheka. Baadaye hawakucheka tena. Kabange alikimbia nyumbani analia kwa sauti.

Mama Mwila alikuwa anatwanga. Alipoona pacha mmoja anakuja peke yake na machozi, aliogopa kile alichofundishwa kuogopa. Aliacha mchi, akamziba mtoto mdomo kwa kiganja.

“Nyamaza! Usimulilie ndugu yako, utaita kifo!”

Akampa maji, akamkalisha mkekani, akamkataza kufungua kinywa mpaka kilio kiishe chote kifuani. Kabange alikuwa mtoto wa kutii. Alimeza kilio, kikarudi, akakimeza tena. Kilipoisha ndipo alipoweza kusema, na jua lilikuwa limeshapanda. Wanaume walikivunja kioo kwa shoka. Jua la Oktoba la hapa kwetu mnalijua, hatuna haja ya kulieleza.

Kyungu alizikwa bila kilio, kama pacha. Mama yake aliimba nyimbo za mapasa, akacheza mbele ya kaburi na macho makavu, na watu wakamsifu kwamba ni mwanamke mwenye moyo. Jumatatu iliyofuata Kabange alirudi shuleni. Mwalimu aliposoma majina ya darasa aliitikia jina lake, na la ndugu yake akaliitikia pia. Mwalimu, Mungu amrehemu, hakumkemea. Aliendelea kuyasoma yote mawili mpaka mwisho wa mwaka.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1968, akasomea ufundi wa chuma hapa mjini, na mwaka 1974 akaajiriwa kwenye karakana ya reli ya Kamina kama fundi wa mabati. Alifanya kazi hiyo miaka arobaini na moja. Behewa likigongwa, ubavu ukaingia ndani, watu walisema, “Mupelekee Matthias.” Alikuwa na tabia moja ambayo wenzake waliichekea mpaka wakachoka. Kabla hajagusa behewa lolote lililofungwa, alibisha hodi, akatega sikio, ndipo akafungua. “Papa, mule muko mahindi,” walimwambia. Yeye akajibu, “Mahindi nayo iseme karibu,” na akaendelea kubisha.

Tarehe 9 Agosti 1980 alifunga ndoa na Mama Salomé Mwenze, binti wa mwalimu wa Kimethodisti, na kwa ndoa hiyo Mkatoliki huyu akahamia kanisa la mke wake. Siku ya harusi aliomba viti viwili upande wa bwana harusi. Mama mkwe wake akashtuka: “Kumbe, naozesha binti yangu kwa banaume babili?” Kabla hajajibiwa, bibi harusi mwenyewe aliinuka na shela yake, akapangusa kile kiti kitupu kwa mkono. “Iko kiti ya ndugu yake, Mama. Muache.” Papa Matthias alikuwa akisema kwamba siku ile ndipo alipooa kweli, kanisani waliweka muhuri tu.

Walijaliwa watoto wanne, na watoto hao walilelewa katika nyumba isiyo na komeo. Ehe, hata chooni! Baba yao aling'oa kila kitasa na kila ndoano. Aliyeingia chooni aliimba, ili wa nje ajue mna mtu. Ndiyo maana kwaya yetu ina sauti nne kutoka nyumba moja, na ndiyo maana mgeni asiyejua nyimbo za kanisa alipata taabu kwetu. Mchungaji mmoja aliimba beti zote sita za wimbo mmoja, akaanza upya. Tulikufa kwa kicheko. Baba yetu hakucheka. Alikuwa amesimama uani, anasikiliza mpaka mlango ufunguke.

Hakuna mtoto aliyeruhusiwa kucheza mchezo wa kujificha. Mama Mwila, mpaka alipofariki mwaka 1991, aliendelea kumtumia mwanawe vitu viwili viwili: mashati mawili, vikapu viwili vya unga. Habari ya ile Jumamosi hawakuizungumza hata siku moja, mama na mwana.

Alistaafu mwaka 2015. Mwaka 2022 kijana wa makumbusho, Bwana Précieux, ambaye yuko hapa leo, alifika kutoka Lubumbashi akitafuta fundi. Walitaka ile ndege iliyo majanini isafishwe, iungwe upya, ipakwe rangi, isimame ukumbini watu waione. Haingeruka tena; ilitakiwa kupendeza tu. Mama Salomé alisema hapana kabla chai haijamiminwa. Papa Matthias akasema, “Nitaenda. Bakienda nayo vile iko, bataenda na yeye ndani.”

Kwa miaka miwili alipanda pikipiki kila asubuhi ya kazi mpaka Base, akaonyesha ruhusa yake kwa askari, akaingia hangarini walikoiburuta ndege. Alitoa udongo wa mchwa mbavuni mwake na viota vya manyigu kwenye njia za hewa. Alitoboa misumari iliyokufa, mmoja mmoja, akaweka mipya. Alikata mabati, akayapinda juu ya mfuko wa mchanga kwa nyundo ya mti, akaivalisha ndege kama mtu anayevalisha maiti: bila haraka, akianzia miguuni. Sehemu ya rubani aliiacha mwisho. Kila siku aliigonga kwanza kwa kidole, akasubiri.

Siku moja Mama Salomé alimpelekea chakula, sahani mbili kama kawaida, moja ikawekwa chini ya bawa. Akamsikia anaongea.

“Baba Talitha, unaongea na nani mule?”

“Na chuma.”

“Na chuma inajibu?”

“Jua ikipiga, chuma inagonga. Njo vile iko, miye fundi najua.” Akafuta jasho. “Lakini miye naitikia.”

Mama Salomé alikaa pale chini mpaka jioni, akichambua maharage ambayo yalikuwa yameshachambuliwa.

Alipoingia hatimaye kwenye kiti kile, alikuta alama. Kwenye ukingo wa chuma ambapo kifuniko hukalia, upande wa ndani, rangi ya zamani ilikuwa imekwaruzwa mistari mifupi, karibu karibu, mahali mkono wa mtoto wa miaka minane unapofika. Aliweka kioo kipya mahali pa kile kilichovunjwa kwa shoka, akapaka rangi kila sehemu, ila ile hakuipaka. Bwana Précieux alikuja kukagua, akaona upungufu.

“Papa Matthias, pale haiishe.”

“Itabakia vile.”

“Lakini bakubwa bangu banataka yote ikuwe mupya. Na kioo tutaifunga kabisa na misumari ya visi, vumbi isiingie.”

Papa Matthias alishuka ngazi, akasimama mbele yake. “Ukifunga ile kioo, utanifunga na miye. Ile iko mikono ya ndugu yangu. Kyungu. Niliendaka kumuitia bantu, na nikachelewa.”

Akamsimulia yote. Bwana Précieux anasema alikuwa mtu wa kwanza nje ya nyumba kusikia habari ile. Alifunika kikopo cha rangi kilichokuwa pale, akakaa juu ya sanduku, akaomba radhi ambayo haikuwa deni lake. Kisha akaenda kupigania jambo lile kwa wakubwa wake, wiki kadhaa, mpaka wakakubali: alama zibaki, na kifuniko kisikomewe kamwe. Papa Matthias alikata ulimi wa komeo la zamani, akatengeneza mshikio mpya kwa ndani, mwepesi hata kwa mtoto.

Siku ya mwisho ya kazi, tarehe 30 Agosti 2024, aliomba kitu kimoja. Mzee wa miaka sitini na minane, na tumbo lake, alipanda akajibana katika kiti kile, akamwambia Bwana Précieux avute kifuniko juu yake. Kikafungwa. Nje walimwona kupitia kioo, midomo inasema jambo. Kisha akausukuma mshikio kwa mkono mmoja, kifuniko kikafunguka, akatoka. Alitegemea kilio kije. Alisimama chini ya bawa akikisubiri, na hakikuja. Tangu ile siku mkekani hakikuwahi kuja, hata kwa maziko ya mama yake. Jambo hilo lilimtesa kuliko ugonjwa.

Ugonjwa wa moyo ulimshika Novemba 2024. Alilazwa hapa mjini mara tatu, na wauguzi waliomhudumia familia inawashukuru kwa majina yao yote. Mlango wa chumba ulibaki wazi, walishazoea. Jumapili ya tarehe 9 Machi 2025 aliwaita mke na watoto. Alisema, “Siku yangu ikifika, munililie. Mulie ya bantu babili. Kyungu hakuna muntu alimulilia.” Alifariki Jumanne tarehe 11 Machi, saa kumi na moja alfajiri. Mama Salomé alikuwa amemshika mkono.

Usiku wa siku ile wazee wa ukoo walikaa. Walisema marehemu ni pacha, na pacha haliliwi. Ziimbwe nyimbo za mapasa, macho yakauke, kama ilivyokuwa mwaka 1963. Ndipo akasimama dada wa marehemu, shangazi yetu Tantine Albertine, aliyebaki peke yake kati ya watoto wa tumbo la Mama Mwila. Mwaka ule alikuwa mtoto wa miaka mitano, alikuwa pale mkekani, aliona.

“Bazee,” alisema, “mama yetu alimunyamazisha kwa mapendo, na ile kunyamaza njo iliua Kyungu, na huyu nayo ikamukula polepole miaka yote hii. Kifo kilishajua njia ya nyumba, hakuna muntu alikionyesha. Miye sitamunyamazisha mara ya pili.”

Wazee walitazamana. Mkubwa wao aliinamisha kichwa, na yeye ndiye aliyeanza kulia.

Papa Matthias Kabange ameacha mjane, Mama Salomé Mwenze. Watoto wanne, Talitha, Abner, Phébé na Éliézer. Wajukuu kumi na mmoja. Dada mmoja, Tantine Albertine. Na ndege moja huko Lubumbashi, ambayo mtoto yeyote akiingia atatoka. Wale mnaohesabu mtaona pembeni ya kaburi msalaba wa pili. Chini yake umo udongo wa kaburi la kijijini, uliochukuliwa jana na Abner baada ya kubisha hodi.

Talitha amefika mwisho wa karatasi, na hajaruka kitu. Baba alikuwa mtoto wa kutii, akanyamaza alipoambiwa anyamaze. Ninyi leo hamjaambiwa. Lieni, lieni kwa sauti, asikie na yule aliyesubiri.

Kyungu na Kabange, watoto wa Mwila, mlango uko wazi. Pumzikeni kwa amani.