Benchi Lapigia Kura Shingo ya Mama

Mkabala na lango la hospitali, kwenye ukuta wa duka la kutengeneza redio, kuna benchi refu lenye mguu mmoja uliolegea, na juu yake hukaa watu ambao hawajawahi kushindwa na mada yoyote. Yupo Fundi, mwenye duka, anayejua kutengeneza kila kitu isipokuwa redio uliyomletea. Yupo Kocha, ambaye hajawahi kufundisha hata timu ya watoto. Yupo Waziri, aliyepewa jina hilo kwa sababu hajawahi kuulizwa swali akalijibu. Sheria yao ni moja: mwenye kahawa kikombeni ndiye mwenye haki ya kusema. Asubuhi hiyo alikuwepo pia binti wa chuo, bingwa wa midahalo, wenyewe wanamwita Hoja. Mama yake mzazi alikuwa amemfukuza kwenye foleni ya altrasaundi. Hoja aligombana na karani wa mapokezi kuhusu mpangilio wa viti, ndipo mama akamwambia: "Nenda kanywe kahawa, mwanangu. Unanipandisha presha kabla hawajanipima." Akaenda na hasira zake zote, akiamini foleni ni ndefu.

— Hebu tueleze taratibu, alisema Kocha. Bi mkubwa anaumwa shingo?

— Shingo haimuumi hata kidogo! Hoja alisimama, maana kuongea huku amekaa hajawahi kuweza. Inayomuuma ni mifupa. Figo nazo zina mawe. Anachoka mpaka kuchana nywele ni kazi. Sasa sikilizeni. Nyuma ya tezi ya shingo kuna vitezi vinne, kila kimoja kama punje ya mchele. Vinasimamia kalisiamu kwenye damu. Kimoja cha mama kimeota uvimbe, na kinachota kalisiamu kwenye mifupa kama mtu aliyeachiwa funguo za ghala.

— Si wakitoe tu?

— Ndiyo hapo! Mpasuaji, bila haya, anasema, "Tutafungua tutazame." Utazame! Shingo ya mama yangu ni droo? Nikamwambia, kwanza piga altrasaundi utuonyeshe kilipo. Kikionekana, chale inakuwa ndogo, upande mmoja, biashara imeisha.

— Na kisipoonekana? aliuliza muuza kahawa, huku akimimina.

Hoja alikunywa funda moja, kisha la pili.

— Kuna wakati kinajificha, mashine isikione. Basi watamfungua shingo yote, wakitafuta.

Aliyasema hayo kwa kasauti ambako kwenye mdahalo kangempotezea alama. Benchi halikukapenda kasauti hako. Kila mtu akaharakisha kusaidia, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

— Watakiona, alisema Fundi. Ile mashine ni redio tu. Inapeleka sauti, sauti inarudi. Sasa kitezi kikivimba kinapiga kelele kuliko wenzake. Nipeni bi mkubwa dakika moja, niweke sikio kooni, nitawaambia kilipo.

— Redio yangu umeiweka kabatini mwako mwenyewe na hujaipata mpaka leo, alisema muuza kahawa.

— Hiyo haipigi kelele. Ndiyo maana imeletwa kwangu.

Kocha alimsukuma pembeni kwa kiwiko.

— Jamani, hawa ni mabeki wanne. Wawili kulia, wawili kushoto. Mmoja kapanda mbele, kanogewa, hataki kurudi. Na beki anayenogewa siku zote ni wa kushoto. Mpasuaji aende kushoto.

— Hoja yako haina ushahidi hata chembe! alifoka Hoja. Ila ina mtiririko mzuri.

Alijisikia akiyasema hayo, akajionea aibu, lakini hakukaa.

— Mimi naona mbali zaidi, alisema Waziri. Tatizo ni mito. Ukilalia upande mmoja miaka yote, damu inashukia huko, kitezi kinashiba, kinanenepa. Tupige marufuku mito. Niko tayari kuongoza kamati.

— Kamati ya nini?

— Hilo litajulikana baada ya kamati.

Hoja alijua huu ni upuuzi mtupu. Kwingine kokote angewararua wote watatu na kurudi kumalizia kahawa. Lakini alijua pia kwamba upuuzi ukiendelea, jibu la kweli linabaki ng'ambo ya barabara, bado halijamfikia. Kwa hiyo akafanya lile ambalo hakuna bingwa wa midahalo angelikiri mbele ya wenzake: aliendesha kikao.

— Waheshimiwa, tupige kura. Wanaosema kushoto?

Kocha na Fundi walinyoosha mikono.

— Wanaosema kulia?

Muuza kahawa alinyanyua birika. Waziri alinyoosha mikono yote miwili.

— Kwa kura mbili kwa moja, na mjumbe mmoja asiyejulikana aliko, benchi limeazimia kwamba...

— Samahani, mdogo wangu.

Alikuwa mwanamke mwenye mtoto mgongoni, amekuja kumnunulia kahawa mumewe aliyelazwa. Alikuwa amesimama pale tangu kura zianze.

— Huyo mama, huko ndani kaingia na nani?

Fundi alichungulia kikombe chake. Kocha alianza kufunga kamba za viatu visivyo na kamba. Waziri aliinama kuukagua mguu wa benchi uliolegea.

— Foleni bado ndefu, alisema Hoja.

— Nimetoka huko sasa hivi. Viti vitupu.

Hoja alivuka barabara na kikombe cha watu mkononi.

Chumba kilikuwa na giza kidogo. Mama alilala chali, mto chini ya mabega, shingo imenyooka na kung'aa kwa mafuta ya kipimo. Hoja alivuta pumzi. Maswali yalikuwa yameshajipanga kinywani. Mtaalamu wa altrasaundi alinyanyua kidole bila kugeuka.

— Asiongee, asimeze mate. Na wewe usimsemeshe.

Mama hakugeuza kichwa. Alifungua tu kiganja pembeni ya kitanda. Hoja aliweka kikombe sakafuni, akakishika kiganja cha mama. Kilikuwa kimelowa jasho, na kilikuwa cha baridi. Mwanamke huyu ndiye aliyemwambia aende akanywe kahawa.

Kifaa kilishuka chini ya tezi, kikapita, kikarudi, kikasimama. Kitufe kilibonyezwa. Kikabonyezwa tena.

— Kipo hapa, alisema mtaalamu. Msitikisike.

Hoja alifungua mdomo. Mama alimbana vidole, naye akaufunga.